Mabibi Wenye Ushungi wa Fundi Nassibu

Katika mtaa wa Ng'ambo, Tabora, siku hizo Mwingereza alipokuwa amekwisha kulizoea jua letu, walikuwapo masonara watatu. Wawili walikuwa na akili zao. Wa tatu alikuwa Nassibu bin Saburi. Hayo si maneno yangu, ni ya mkewe Sikuzani, na mke ndiye ajuaye.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Fedha za Mjerumani zilipokufa, na rupia zikafuata, na shilingi ikaja kukaa, watu walibaki na sarafu nyingi za zamani. Nyingine zilikuwa zimefukiwa chini ya mafiga, nyingine zimeshonewa kwenye mito ya kulalia. Dukani hazikununua hata kibiriti. Basi zikaletwa kwa masonara, ziyeyushwe ziwe bangili na herini. Nassibu aliziyeyusha zote, za tai, za simba, za wafalme wenye masharubu, na wala hakuuliza mfalme huyu ni wa wapi. Lakini ukimletea ile riale kubwa ya fedha, yenye sura ya bibi mtu mzima aliyejitanda ushungi, ile iliyopanda na misafara kutoka Bagamoyo zamani za wazee wetu, hapo ndipo mlipokosana.

"Huyu simtii motoni," alisema. "Mwanamke amejisitiri, mimi nimmwagie makaa? Haiwezekani."

"Fundi, mimi nataka bangili!"

"Bangili utapata. Bibi ataniachia."

Kisha alitoa fedha yake mwenyewe akafua bangili ya watu, na yule bibi akatiwa ndani ya kopo la majani ya chai juu ya rafu. Alisikika akigongana na wenzake, maana kopo lilikuwa limeshajaa nusu.

Habari zikaenea, na zilivyoenea wakaanza kuletwa hata mabibi wasioombwa. Karani mmoja wa reli alileta shilingi ya Kiingereza yenye malkia mzee, mnene wa mashavu, mtandio umeshuka mpaka mabegani. Haji Abasi aliporudi Makka alileta sarafu mbili ndogo za shaba alizozipata Suezi, nene na zilizopinda ukingoni. Moja ilikuwa na mwanamke aliyejifunika, nyingine ilikuwa na mwanamume, naye kajivuta nguo kichwani.

"Aliyeniuzia ameniambia ni za watu wa kale," Haji Abasi alisema. "Huyu mwanamke alikuwa malkia, alipokufa wakamfanya mungu."

"Astaghfirullah! Na huyu mwanamume?"

"Mfalme. Sijui kwa nini kajifunika. Labda alikuwa anasali."

Nassibu aliigeuzageuza ile ya malkia kwenye mwanga wa mlango. Pua ya yule mama ilikuwa imelika kwa kushikwashikwa na watu ambao mifupa yao imekwisha kuwa vumbi. Akaipenda kuliko nyingine zote, na kwa kuwa Haji hakutaka kitu, akamfulia pete bure. Jirani yao Bernadeta, Mkatoliki safi, kila akija kuomba moto alifungua kopo, akafanya ishara ya msalaba juu ya riale za juu, akasema wote hao ni Bibi Maria. Wala Nassibu hakumbishia.

Sikuzani ndiye aliyekuwa na maneno. "Wenzangu wanaolewa wanakuta mke mwenza mmoja, wanalia," aliwaambia wanawake kisimani. "Mimi nimekuta arobaini kwenye kopo, na wote wazungu! Afadhali hawali." Wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji.

Mtaa mzima ulidhani ni uchaji Mungu, na wengine walidhani ni wazimu. Haikuwa hivi wala vile. Nassibu alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa imekaa barazani kila siku juu ya mkeka, macho meupe kama maji ya mchele, ikipokea shikamoo za wapita njia. Alikuwa mama yake mzazi, Mwamvita.

Na mimi nitaisema bila kupepesa. Nassibu alikuwa amekwisha kumtia bibi mmoja motoni, na bibi yule hakuwa wake.

Mwamvita alizaliwa Uzaramo. Alipanda huku bara akiwa mwari, ameolewa na Saburi, fundi wa chuma na fedha aliyefuatana na moja ya misafara ya mwisho, kabla gari la moshi halijawapumzisha watu miguu. Asubuhi ya kuondoka, mama yake alivua riale shingoni mwake akamvika. "Ukinikumbuka mtazame huyu," alimwambia. "Kajitanda ushungi kama mimi." Hawakuonana tena. Njia ilikuwa ndefu, na mama alikufa wakati binti yake hajajua hata kuupika ugali wa huku. Mwamvita aliivaa ile riale miaka yote. Akiwa na huzuni aliisugua kwa kidole gumba, na kwa kusuguliwa pua ya bibi ikaisha, akabaki na ushungi na jicho.

Uani kwao alikuwapo rafiki yake, Minza, Mnyamwezi wa Bukene aliyeolewa Tabora na mwuza chumvi. Sasa, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani huo waliuzaa wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na kulala katika vijiji vya Wazaramo, na hauna mzaha, ingawa ni mzaha mtupu. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikamata kuku wako hushitaki. Ukifa, yeye ndiye anayekaa mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, watu wacheke katikati ya kilio. Na mtani akisingiziwa jambo, hakani. Akikana kaharibu mchezo.

Minza alikuwa bingwa wa hayo. Alikuwa akiingia asubuhi na kumwambia Mwamvita, "Wee mla nazi, bado hujarudi kwenu ukaliwe na mamba?" Mwamvita alimjibu, "Nitarudi vipi, na wewe hujamaliza kubeba mizigo yangu?" Kisha wakakaa kutwa nzima wakichambua mchele pamoja, na aliyekuwa na chumvi akampa asiyekuwa nayo.

Vita vilipokuja, Saburi alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, akaenda moja kwa moja. Wabelgiji walipoingia Tabora, Nassibu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja alimsikia mama yake akisema mivukuto ya marehemu, ile ya kupulizia makaa, iuzwe, kwa kuwa nyumba haina fundi tena. Neno hilo lilimchoma. Yeye aliyemvutia baba yake mivukuto tangu ajue kusimama, leo nyumba haina fundi? Mama yake alipokwenda sokoni, akiwa ameiacha riale juu ya kitanda kwa sababu uzi wake ulikatika, Nassibu aliwasha makaa. Alitaka afue pete nzuri, aivalishe mama yake kidole, amwambie, usiuze kitu, fundi nipo.

Hakuna fedha nyingine iliyokuwamo ndani, basi ikawa hiyo. Aliitazama ndani ya kijungu cha kuyeyushia. Ushungi ulikwenda kwanza, halafu shingo, na lile jicho moja likabaki likimtazama mpaka mwisho, kisha halikuwapo. Alipomimina, mkono ulitetemeka. Kilichotoka hakikuwa pete, kilikuwa kitu kama mzizi wa muhogo uliotobolewa na funza. Alikifukia nyuma ya nyumba, akazima moto.

Jioni Mwamvita alianza kutafuta, uani wanawake wamejaa, Minza mmojawapo. "Nassibu, riale yangu umeiona?"

Mtoto akili yake ilikwenda mbio. Alijua kwamba mtani haibi. Alichukuacho mtani huishia kicheko. Basi akasema, "Nilimwona Mama Minza akiichezea." Ndivyo alivyofikiri, maskini, kwamba neno litachekwa na kufa hapo hapo.

Wote wakamgeukia Minza. Naye, Mnyamwezi kamili, aliweka mikono kiunoni. "Ndiyo, nimemchukua! Nimeona huyo bibi yenu wa Kizaramo anakaa bure shingoni mwa mtu, nimempeleka Bukene akachunge ng'ombe!" Ua mzima ulicheka. Mwamvita naye alicheka, akijua riale italetwa kesho.

Kesho haikuletwa, wala kesho kutwa. Siku ya tano Mwamvita aliacha utani. "Minza, mchezo umetosha. Nipe mama yangu."

"Mwamvita, haki ya Mungu, sijaichukua."

"Si ulisema mwenyewe mbele ya watu?"

Na kweli alikuwa amesema. Angeuliza nani tena? Mtoto alikaa kimya, na kila siku aliyokaa kimya ulimi wake ulizidi kuwa mzito. Mtaa ukampa Minza jina, Mkono Mrefu. Wanawake wakaanza kuficha vyungu alipopita, mumewe akakosa wateja wa chumvi, na mwishowe wakahama, wakarudi Bukene. Mwamvita hakumtaja tena. Mivukuto haikuuzwa. Nassibu akakua, akawa fundi hodari kuliko baba yake, na siku riale ya kwanza ya bibi mwenye ushungi ilipoletwa aiyeyushe, mikono yake ilikataa.

Miaka ya mwanzo alikuwa akitafuta wa kufanana na yule. Alifikiri, nikimpata aliyelika pua vile vile nitamtoboa, nitamtia uzi, nitasema nimemwokota. Hakuna waliofanana. Kila bibi alikuwa amelika kwa huzuni za watu wengine. Macho ya mama yake yalipopotea alijaribu mara moja, akamtilia mmoja kiganjani. Mwamvita alipitisha kidole gumba, polepole, kisha akamrudishia.

"Mgeni huyu," alisema. "Mrudishe kwao."

Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Nassibu zilikuwa miaka ishirini na miwili. Zilitimia asubuhi moja alipoingia dukani kijana mrefu, anayefanya kazi ya kukarabati reli ya Mwanza. Jina lake Dionis. Alikuwa anaoa, bibi harusi anaitwa Marcelina, na alitaka pete. Alifungua leso, akaweka riale mezani.

"Nimeambiwa wewe huyeyushi hizi," Dionis alisema. "Lakini nakuomba, fundi. Sina nyingine. Ni ya mama yangu."

Nassibu aliitazama. Bibi alikuwa mpya, pua yake yote ipo, na alikuwa ametobolewa tundu lakini hakuwahi kuvaliwa, maana tundu lilikuwa bado na makali.

"Mama yako aliitoa wapi?"

"Aliinunua kwa ng'ombe wetu wa maziwa, mimi bado mdogo wa kubebwa. Alikuwa na rafiki yake hapa Tabora, Mzaramo. Wakagombana kwa ajili ya riale iliyopotea. Mama hakuiba, lakini aliona bora alipe kuliko kumpoteza mtu. Akaja nayo kwa miguu kutoka Bukene, mimi nimo mgongoni. Yule rafiki akaipapasa mlangoni, akasema hii siyo, umemuuza mama yangu unaniletea wa mwenzio. Akafunga mlango." Dionis alicheka kidogo, kama mtu asimuliaye jambo la watu wengine. "Tangu hapo imekaa kwenye sanduku. Sasa amesema, nenda ukaiyeyushe, mimi sitaki kuiona."

"Mama yako anaitwa nani?" Nassibu aliuliza, naye alikuwa anajua.

"Minza."

Hilo la ng'ombe Nassibu hakuwahi kulijua. Mama yake hakumwambia kwamba Minza alirudi, kwa aibu au kwa hasira. Alikuwa ameishi miaka yote akijiambia kuwa uongo wake ulikuwa mdogo, wa kitoto, na kwamba wakubwa ndio walioukuza. Sasa alimwona mwanamke akitembea njia yote ile ya vumbi na mtoto mgongoni kwenda kulipa kitu ambacho yeye, Nassibu, alikuwa amekifukia nyuma ya nyumba. Alishika ukingo wa meza. Alijisikia mchafu.

"Niachie hii," alimwambia Dionis. "Pete yako nitakufanyia. Lakini kwanza nitakwenda Bukene."

"Kufanya nini?"

"Kumsalimu mama yako."

Mwamvita wakati huo alikuwa hali tena ila uji, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mbovu. Kila mtu alijua kinachokuja. Nassibu alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua ile takataka ya fedha, akaifunga katika leso, akapanda gari la moshi.

Alimkuta Minza nje ya jiko lake, anapepeta mtama. Alikuwa amekonda na kunyooka, kichwa cheupe.

"Mwangaluka, mama," alimwamkia kwa Kinyamwezi. "Shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nassibu. Wa Mwamvita."

Ungo haukusimama. Nassibu alipiga magoti kwenye makapi akasema yote, tangu makaa mpaka jicho lile moja, mpaka neno alilolisema uani. Alifungua leso akamwonyesha. Minza alipepeta mpaka mtama wote ukawa safi, akaumimina kwenye kapu, akakung'uta ungo, ndipo akamtazama.

"Mwamvita yu hai?"

"Yu hai, mama. Lakini si kwa siku nyingi."

"Na macho?"

"Hayaoni tena."

"Basi hataona nilivyozeeka. Afadhali." Kisha uso wake ulibadilika. "Unajua waliniitaje? Unajua mume wangu alikufa akiniuliza, Minza, niambie mimi tu, uliichukua? Mume wangu! Na mimi nilijiponza kwa mdomo wangu, kwa kuwa nilikuwa mtani mwema. Mtoto wee, Mungu anakuona."

"Niambie unataka nini, nitatoa. Ng'ombe nitaleta."

"Ng'ombe nimfanyie nini? Uongo wako uliusema mbele ya watu. Ukweli nao utausema mbele ya watu. Na siku nitaichagua mimi, na mahali nitapachagua mimi. Umekubali?"

Nassibu alifikiri juu ya duka lake. Sonara huishi kwa kuaminiwa. Nani atamwachia fedha yake mtu aliyeiyeyusha ya mama yake mzazi na kumtia jirani hatiani? Kisha akasema, "Nimekubali."

"Basi ngoja nichukue kanga yangu."

Walifika Ng'ambo kesho yake mchana. Mwamvita alikuwa amelazwa ndani, Sikuzani anampepea. Minza alisimama mlangoni, na sauti yake ikatoka ile ile ya zamani, ya kuamsha wafu. "Hodi humu! Wee mla nazi, bado hujafa?"

Mgonjwa aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kisha akasema, "Sauti hiyo naijua. Mtoeni."

"Mama, haondoki," Nassibu alisema, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, Minza hakuiba. Ni mimi. Niliiyeyusha. Nilitaka kukufanyia pete usiuze mivukuto ya baba, ikaharibika, nikaogopa, nikamsingizia."

Sikuzani aliacha kupepea. Mwamvita alipapasa shingoni mwake, pale riale ilipokuwa ikikaa.

"Mama yangu ulimtia motoni," alisema mwishowe. "Hiyo ilikuwa mara moja, na ulikuwa mtoto. Lakini rafiki yangu ulininyima kila siku, mpaka umeota ndevu. Niondokee."

Nassibu alitoka akakaa barazani kwenye mkeka wa mama yake, akalia kama yule mtoto wa vita. Mlango ulikuwa wazi, akawasikia.

"Minza."

"Naam."

"Kwa nini ulisema umeichukua?"

"Nilikuwa mtani wako. Ulitaka niseme nini?"

"Na mimi nilikuwa mtani wako," Mwamvita alisema. "Kwa nini niliamini?"

Kilichofuata kilikuwa kilio cha wanawake wawili wazee, na Sikuzani akiwa wa tatu, asijue anamlilia nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Minza alivua viatu, akapanda kitandani, akakaa nyuma ya rafiki yake akamwegemeza kifuani kwake ili apumue vizuri.

Siku tatu Mwamvita alikataa uji wa mkono wa Nassibu. Alilishwa na Minza, na kila kijiko kilikuja na tusi lake. "Kunywa, mwenye kichwa kama nazi! Kwenu hampikiwi hivi." Nassibu alibaki dukani akisikiliza. Minza alimwamuru aiyeyushe ile riale ya ng'ombe, pete ya Dionis isichelewe.

"Huyu ana ushungi, mama," Nassibu alisema.

"Huyu amekaa gizani kwa uongo wako. Mwache aende harusini."

Akamtia motoni. Mara hii pete ilitoka laini, bila doa. Siku ya nne Mwamvita alimwita.

"Nipe kile ulichokifanya."

Akamtilia kiganjani ule mzizi wa muhogo. Mama alipitisha kidole gumba, akarudia, akarudia tena, akilitafuta jicho au pindo la ushungi. Hakulikuta. Lakini hakuurudisha.

"Hata pete hukuweza," alisema. "Baba yako angekuchapa." Pembe ya mdomo wake ilicheza. Kisha akafumbua kinywa. "Haya, leta uji."

Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, kichwa chake kimelala kwa Minza na kile kipande cha fedha kimo mkononi.

Alasiri Ng'ambo yote ilikuwa mlangoni. Mama wa watu alikuwa amepokea shikamoo za mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuja, wazee waliokuwapo siku ile uani, wateja wa duka, Haji Abasi na kitabu chake cha dua, Bernadeta na rozari yake chini ya kanga. Wanaume waliliinua jeneza. Nassibu alikuwa mbele, bega la kulia. Walipogeuka watoke, walikuta mtu amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha mpaka upande wa pili. Alikuwa Minza.

"Maiti haitoki!"

Watu wakacheka katikati ya machozi. Mtani huyo! Senti zikaanza kumwangukia kwenye kanga. Minza alizikusanya zote akazitupa uani, moja ikamgonga Haji Abasi kilemba.

"Senti zenu sitaki. Mimi naitwa Mkono Mrefu, nikitaka senti nitaziiba. Mwaka walioingia Wabelgiji, katika ua huu huu, ilisemwa nimeiba riale ya maiti huyu. Wengine wenu mlikuwapo. Sasa namtaka mwizi mwenyewe. Akisema, naondoka. Asiposema, tutakesha hapa."

Kicheko kilikatika. Mmoja alinong'ona kwamba bibi huyu sasa amezidi. Nassibu alijua kuwa siku imechaguliwa na mahali pamechaguliwa. Uzito wa mama yake ulikuwa begani, na mbele yake nyuso zote ambazo aliishi kwa kuaminiwa nazo. Aliona kwamba angeweza kunyamaza. Watu wangemwondoa yule mzee kwa upole, mambo yangekwisha, maana miaka yote hiyo yalikuwa yamekwisha kwa kunyamaza.

"Ni mimi," alisema.

Minza aliweka kiganja sikioni. "Sisikii! Sisi wazee hatusikii."

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka ikapasuka. "Mimi Nassibu, mtoto wake. Niliiyeyusha riale ya mama yangu nikamsingizia Minza. Minza hakuiba! Hakuiba kitu! Aliuza ng'ombe wake alipe wizi wangu!"

Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza kutamka lile jina zamani zile aliinamisha kichwa, akajivuta ushungi mpaka usoni. Haji Abasi alitazama pete yake kidoleni, akamtazama Nassibu. Hakuivua.

Minza aliinuka polepole, akijishikilia kwenye mwimo wa mlango. Alikisogelea kitambaa cha jeneza, akakinyoosha mahali kilipokunjamana, kama anamtengenezea mtu ushungi wake kabla ya safari.

"Haya, nenda, mla nazi," alisema. "Uliniita mwizi, lakini ulikuwa wangu."

Kisha akawapisha. Nassibu alivuka kizingiti na mama yake begani, analia bila kufuta machozi, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika jeneza.